Kasoro ya prosesa haiishii kwa mnunuzi wa kwanza

Mnunuzi wa laptopu ya mtumba pale Kariakoo, au kwenye maduka ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, huwa makini. Huiwasha, hukagua kioo kama kina mistari, hubonyeza kitufe kimoja kimoja cha kibodi, huuliza RAM ni ngapi na betri inakaa saa ngapi, kisha hutaka kuhakikishiwa kwamba prosesa ni i5 au i7 na ni ya kizazi cha ngapi. Asichouliza ni kasoro zipi zimegunduliwa ndani ya prosesa hiyo tangu itoke kiwandani, na kama marekebisho yake yamo katika mashine anayoinunua. Wala si kosa lake. Tumezoea kuamini kwamba hitilafu ni za programu, na kwamba kipande cha silikoni kikishatoka kiwandani kimekamilika: ama kinafanya kazi, ama kimeungua. Mambo hayako hivyo tangu katikati ya miaka ya tisini. Prosesa za leo huuzwa zikiwa na dosari, nyingine zinajulikana na nyingine bado, kisha hurekebishwa zikiwa tayari mikononi mwa wateja kwa vifurushi vidogo viitwavyo masasisho ya maikrokodi. Utaratibu huo ni mzuri na nautetea. Ninachopinga ni namna ulivyopangwa: marekebisho hupitia njia inayomfikia mnunuzi wa kwanza, na njia hiyo hukatika kabla ya kumfikia wa pili na wa tatu. Sisi wa Afrika Mashariki, kwa sehemu kubwa, ndio wa pili na wa tatu.

Tuanze na maikrokodi yenyewe. Programu yoyote, iwe ya kuandikia barua au ya benki, mwisho wake huifikia prosesa kama mfululizo wa amri: jumlisha, gawanya, leta data kutoka kwenye kumbukumbu, linganisha namba mbili. Amri nyepesi hutekelezwa moja kwa moja na saketi. Amri nzito huvunjwa kuwa hatua ndogondogo, na orodha ya hatua hizo huhifadhiwa ndani ya prosesa yenyewe. Orodha hiyo ndiyo maikrokodi. Wazo ni la Maurice Wilkes wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliyelitoa mwaka 1951 alipoona kwamba kusuka kila amri kwa waya na saketi za kudumu kunazidi kuwa kugumu kadiri mashine zinavyokua. Mwaka 1964 IBM ililitumia katika kompyuta zake za System/360, na kwa njia hiyo mashine za ukubwa na bei tofauti ziliweza kuelewa amri zilezile. Baadaye kidogo, kwa System/370, kampuni hiyo ilitaka chombo rahisi cha kupakia maikrokodi kutoka nje ili isilazimike kubadilisha vipande. Chombo kilichobuniwa kwa kazi hiyo, mwanzoni mwa miaka ya sabini, ni diski ya floppy, ambayo vizazi vyake vidogo zaidi wengi waliosoma kompyuta miaka ya tisini wanavikumbuka. Kwa hiyo fikra ya kwamba moyo wa kompyuta unaweza kurekebishwa baada ya kuuzwa ina zaidi ya nusu karne.

Prosesa za kompyuta za mezani zilichelewa kuifuata, na gharama ya kuchelewa ilionekana mwaka 1994. Profesa wa hisabati Thomas Nicely, wa Chuo cha Lynchburg katika jimbo la Virginia nchini Marekani, alikuwa akifanya hesabu za namba tasa kwa kompyuta yenye prosesa mpya ya Pentium ya Intel. Majibu hayakulingana na ya mashine zake nyingine. Baada ya kuondoa kila sababu nyingine alibaki na moja: prosesa ilikuwa ikigawanya vibaya. Mfano uliosambaa ulikuwa wa kugawa 4,195,835 kwa 3,145,727. Jibu sahihi huanza na 1.33382; Pentium ilitoa 1.33373. Chanzo kilikuwa jedwali la ndani ambalo prosesa ililitumia kukisia kila hatua ya kugawanya, na ambalo baadhi ya nafasi zake ziliachwa tupu kimakosa. Intel ilijibu kwamba mtumiaji wa kawaida angekutana na kosa hilo mara moja katika miaka 27,000. Wateja hawakuridhika, na mwezi Desemba mwaka huohuo kampuni ikakubali kumbadilishia prosesa yeyote aliyetaka, kwa gharama iliyotangazwa kuwa dola milioni 475. Haikuwa na njia nyingine. Pentium ya wakati ule haikuwa na pa kupokelea marekebisho, hivyo ilibidi kipande kitolewe na kingine kiwekwe. Pentium Pro, iliyotoka mwaka 1995, ilikuja na uwezo wa kupokea maikrokodi mpya, na tangu hapo prosesa kubwa za Intel zimekuwa nao.

Utaratibu wenyewe ni wa akili sana, na unastahili kutazamwa kwa karibu kwa sababu hoja yangu yote imejengwa juu yake. Maikrokodi ya asili huchorwa kwenye silikoni na haiwezi kufutwa. Pembeni yake huwekwa kumbukumbu ndogo inayoweza kuandikwa, pamoja na rejista chache zinazokariri anwani. Sasisho likipakiwa, rejista hizo hupewa anwani za hatua zenye kasoro. Prosesa ikifika kwenye mojawapo, huelekezwa kwenye hatua mpya badala ya ile ya kiwandani. Sasisho hilohilo linaweza pia kuzima sehemu fulani ya prosesa, au kubadilisha namna inavyotumia umeme. Kifurushi hutiwa saini ya kidijitali ya mtengenezaji, na prosesa hukikataa isipoitambua saini hiyo. Sasa linakuja jambo ambalo hata mafundi wengi hawalijui: kumbukumbu hiyo ndogo hupoteza kila kitu umeme unapozimwa. Prosesa iliyorekebishwa jana inaamka leo na kasoro zake zote, na lazima irekebishwe upya, kama mgonjwa wa presha anayemeza kidonge kila siku bila ugonjwa kwisha. Wa kumpa kidonge hicho ni wawili tu. Wa kwanza ni BIOS, programu iliyomo kwenye ubao mama inayotangulia kuamka mashine inapowashwa. Wa pili ni mfumo endeshi, yaani Windows au Linux, ambao hubeba vifurushi vipya zaidi na kuvipakia dakika za mwanzo. BIOS ikiwa ya zamani na mfumo endeshi usiposasishwa, basi hata kama kasoro ilitatuliwa miaka mingi iliyopita, kwa mashine hiyo bado ni mbichi.

Kasoro zenyewe ni za aina nyingi. Nyingine ni makosa ya kawaida ya usanifu, kama ilivyokuwa kwa prosesa za Haswell za Intel, ambazo mwaka 2014 ziligundulika kuwa na hitilafu katika uwezo mpya wa kuharakisha programu zinazofanya kazi nyingi kwa pamoja. Haukuweza kurekebishwa, na sasisho la maikrokodi likauzima kabisa. Waliolipia uwezo ule waliukosa. Lakini kundi lililobadilisha mazungumzo yote ni la kasoro za usiri, zilizoibuka hadharani Januari 2018 kwa majina ya Meltdown na Spectre. Prosesa ya kisasa haingoji. Hukisia amri zinazofuata, huzitekeleza mapema, na ikigundua ilikosea hurudi nyuma na kufuta matokeo. Watafiti wa Google, wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz nchini Austria na wengineo walionyesha kwamba kule kufuta hakufuti kila kitu: alama hubaki, na programu isiyo na ruhusa inaweza kuzisoma ikajua kilichopita.

Mfano ulio wazi zaidi kwangu ni Zenbleed, iliyotangazwa na Tavis Ormandy wa Google mwezi Julai 2023, katika prosesa za AMD za kizazi cha Zen 2. Ndani ya prosesa hizo kuna rejista pana ambazo programu huzitumia kushika data nyingi kwa mkupuo. Ipo amri inayosafisha nusu ya juu ya rejista hizo kwa kuiwekea alama tu ya kuwa sifuri, na nafasi halisi iliyokuwa ikitumika hupewa kazi nyingine. Prosesa ikitekeleza amri hiyo kwa kukisia, kisha ikagundua ilikosea, huiondoa ile alama ya sifuri. Nafasi imeshachukuliwa na mtu mwingine, na kilichomo ni data ya mwingine huyo. Uzito wa jambo hili uko katika matumizi ya rejista zenyewe. Ndizo ambazo kazi za kawaida kabisa huzitumia: kuhesabu urefu wa neno, kunakili maandishi, kulinganisha maneno mawili. Nywila inapokaguliwa inapita hapo. Kasi ya kuvuja ilipimwa kuwa takribani kilobaiti 30 kwa sekunde kwa kila kiini cha prosesa, inayotosha kuzinasa nywila watu wanapoingia, hata kati ya wateja wawili tofauti wanaokodi seva moja. Na hapa ndipo utaratibu mzima unapojionyesha. Maikrokodi ya kurekebisha seva ilitolewa mara moja. Wenye kompyuta za mezani na laptopu waliambiwa wasubiri kati ya Oktoba na Desemba, tena wangeipata kupitia BIOS ya kampuni iliyotengeneza mashine yao, kama kampuni hiyo ingeona haja ya kuitoa.

Mwezi uliofuata ilikuwa zamu ya Intel. Kasoro iliyopewa jina la Downfall, aliyoigundua Daniel Moghimi, ilihusu amri ya kukusanya data kutoka sehemu zilizotawanyika za kumbukumbu, na iligusa prosesa za kizazi cha 6 hadi cha 11. Tafadhali tazama tena vizazi hivyo. Laptopu za kazi za Dell Latitude, HP EliteBook na Lenovo ThinkPad zinazotoka maofisini Ulaya na Marekani, nyingine zikipitia Dubai, na kuuzwa kwetu kwa bei ambayo mwalimu au mwanafunzi wa chuo anaweza kuimudu, kwa wingi ni za kizazi cha 6, cha 7 na cha 8. Intel ilitoa marekebisho, na kwa haki lazima isemwe kwamba huviweka vifurushi vyake vya Linux hadharani kwa yeyote kuvichukua. Lakini laptopu ikifika hapa, BIOS yake mara nyingi ni ile iliyokuwa nayo siku ile ofisi ya Ulaya ilipoacha kuihudumia. Fundi anapiga Windows, pengine ya wizi, na anazima masasisho kwa makusudi, ama yasigundue wizi ama yasimalize bando la mteja. Njia zote mbili za kufikisha marekebisho zimefungwa kwa siku moja. Na hata mwenye Windows halali ana shida yake, kwa kuwa Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia Intel ya kizazi cha 8, ukiacha prosesa chache za kabla yake. Kizazi cha 6 na cha 7, vyenye kasoro ya Downfall, vimeachwa nje.

Simu nazipitia haraka. Prosesa zake nyingi ni za usanifu wa Arm, ambazo kwa kawaida hazina maikrokodi ya kupakiwa namna hii, na tiba zake huja na masasisho ya Android au iOS. Swali la nani anayeyapata na kwa miaka mingapi linabaki lilelile.

Wapo wanaosema masasisho yenyewe ni balaa, na ni kweli kwamba yamewahi kuwa. Januari 2018, wiki chache baada ya Spectre kutangazwa, Intel ililazimika kuwaomba wateja wasimamishe uwekaji wa maikrokodi mpya kwa sababu kompyuta zilikuwa zikijizima na kujiwasha zenyewe, na Microsoft ikatoa sasisho la dharura la kuzima sehemu ya marekebisho hayo. Kuhusu Downfall, Intel yenyewe ilikiri kwamba baadhi ya kazi zingeweza kupungua kasi kwa hadi asilimia 50. Mtu aliyenunua mashine kwa ajili ya kasi yake ana haki ya kulalamika. Ila malalamiko hayo yakifuatwa hadi mwisho yanadai uwazi na majaribio ya kutosha kabla ya sasisho kutoka. Hayadai mashine ziachwe na kasoro. Agosti 2018 Intel iliweka kwenye leseni ya maikrokodi yake kifungu kilichokataza watu kuchapisha vipimo vya kulinganisha kasi kabla na baada ya sasisho. Waendeshaji wa mradi wa Debian, mmojawapo wa mifumo ya Linux, walikataa kulisambaza kwa masharti hayo, kelele zikapigwa, na ndani ya siku chache kifungu kikaondolewa. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa: mnunuzi aelezwe anapoteza kasi kiasi gani ili apate usalama gani, kisha aamue. Mtu anayehariri video peke yake nyumbani na mtu anayekodisha seva kwa makampuni kumi hawana sababu ya kuamua sawa.

Hoja nzito zaidi ni ile isemayo: nani atahangaika kuidukua laptopu ya mtumba ya mwanafunzi kwa kutumia kasoro ya prosesa? Naikubali nusu. Wizi mwingi wa mtandaoni tunaouona hauhitaji ustadi huo; ujumbe wa uongo wa simu na nywila dhaifu vinatosha. Lakini nusu ya pili siikubali kwa sababu mbili. Kwanza, mashambulizi haya hayahitaji mtu kuishika mashine yako. Mwaka 2021 watafiti wa Google walichapisha onyesho la Spectre linalofanya kazi ndani ya kivinjari cha Chrome, kwa msimbo wa JavaScript wa ukurasa wa kawaida, likisoma kumbukumbu kwa kasi ya takribani kilobaiti moja kwa sekunde kwenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 6. Pili, laptopu ya mtumba haibaki na mwanafunzi. Ndiyo inayohifadhi matokeo ya shule, kumbukumbu za wagonjwa wa zahanati na vitabu vya SACCOS. Anayemiliki data hizo si yeye anayeketi mbele ya kibodi, na hakuulizwa kama anaikubali hatari.

Tena zipo kasoro ambazo mdukuzi hahusiki nazo hata kidogo. Mwaka 2024 wenye kompyuta za mezani zenye prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14 walilalamika kwamba mashine zinagoma na programu zinaanguka bila sababu. Uchunguzi wa Intel ulifika kwenye maikrokodi: prosesa ilikuwa ikiomba volteji ya juu kupita kiasi, na kidogo kidogo ilikuwa ikijiharibu. Sasisho la kudhibiti volteji hiyo lilitolewa Agosti, na jingine likafuata Septemba, yote yakija kupitia BIOS, na waranti ikaongezwa miaka miwili. Intel ilieleza wazi kwamba sasisho linazuia madhara mapya na haliponyi prosesa iliyokwisha kuumia. Fikiria sasa kompyuta ya namna hiyo ikiuzwa mara ya pili ikiwa na BIOS ya mwaka 2023. Mnunuzi anapata kifaa kinachojila chenyewe kila siku kinapotumika, wakati dawa yake iko bure kwenye tovuti, na waranti ile haitamsubiri.

Watengenezaji nao wana utetezi wao, kwamba maikrokodi lazima ibaki siri na iwe mikononi mwao pekee, kwa usalama. Saini ya kidijitali naiunga mkono bila kusita, maana bila hiyo yeyote angeweza kubadilisha tabia ya prosesa. Siri ni jambo jingine. Mwaka 2025 timu ya usalama ya Google ilieleza kwamba prosesa za AMD kuanzia kizazi cha Zen 1 hadi Zen 4 zilikuwa zikikagua saini za maikrokodi kwa njia dhaifu, na kwamba ufunguo uliotumika ulikuwa mfano uliochapishwa hadharani katika nyaraka za taasisi ya viwango ya Marekani. Watafiti wakatengeneza maikrokodi yao wenyewe na prosesa ikaipokea. Kuthibitisha, waliifanya amri inayopaswa kutoa namba za bahati nasibu itoe namba 4 kila inapoitwa. Namba hizo hutumika kutengenezea funguo za siri, kwa hiyo onyesho lilikuwa la kutisha kwa anayelielewa. Kosa hilo lilikaa kwenye prosesa kwa miaka mingi. Lingekaguliwa na macho ya watu wa nje tangu mwanzo, naamini lisingedumu hivyo. Kuchapisha namna saini inavyokaguliwa, na kueleza kwa lugha ya kueleweka kila sasisho linabadilisha nini, hakumpi mwizi ufunguo.

Utetezi wa mwisho ni wa fedha: kampuni haiwezi kuhudumia prosesa milele. Ni kweli, na sidai milele. Nadai mpaka ujulikane mapema na ulingane na maisha halisi ya kifaa. Aprili 2018 Intel ilitangaza kwamba baadhi ya prosesa zake zilizotoka kati ya miaka ya 2007 na 2011 hazingepata maikrokodi ya Spectre hata kidogo, na miongoni mwa sababu ikasema kwamba, kwa maelezo ya wateja, nyingi hutumika katika mifumo iliyofungwa isiyo na hatari kubwa. Walionunua hawakuwa wameambiwa tarehe ya mwisho. Waliijua siku ilipokwisha kupita. Umoja wa Ulaya umeanza kulitibu hilo kwa Sheria ya Ustahimilivu wa Mtandao iliyopitishwa mwaka 2024, ambayo masharti yake makuu yataanza kutumika Desemba 2027. Mtengenezaji atalazimika kutoa marekebisho ya usalama kwa muda unaolingana na matarajio ya matumizi, usiopungua miaka 5 kwa bidhaa nyingi, na kumtajia mnunuzi mwezi na mwaka wa mwisho. Ni hatua kubwa. Lakini hesabu yake inafanywa kwa macho ya Ulaya. Ofisi ya huko hubadilisha laptopu baada ya miaka mitatu, minne au mitano, na mashine ikishapanda meli kuja Mombasa au Dar es Salaam ndiyo kwanza inaanza nusu ya pili ya maisha yake. Sheria inayoruhusu huduma ikome mwaka wa 5 inamlinda aliyeitumia kwanza, na inamwachia aliyeipokea baadaye kifaa halali chenye kasoro halali. Kompyuta za namna hii hutumika kwetu miaka 10 na zaidi, na mtengenezaji analijua hilo.

Ndiyo maana nasema serikali zetu zina neno la kusema, hata kama hatutengenezi prosesa hata moja. Mamlaka ya Serikali Mtandao kwa Tanzania na Mamlaka ya TEHAMA kwa Kenya zinaweza kuandika katika miongozo ya ununuzi kwamba kompyuta ya umma, mpya au iliyotumika, haipokelewi bila tarehe ya mwisho ya masasisho ya prosesa na ya BIOS, na bila BIOS ya karibuni kabisa kuwekwa siku ya makabidhiano. Misaada ya kompyuta kwa shule iwekewe sharti hilohilo, kwa sababu mtoaji akiwa Ulaya, mwenye intaneti ya kasi, ana uwezo mkubwa zaidi wa kulitimiza kuliko mwalimu wa wilayani. Nchi moja ikidai peke yake itapuuzwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikidai kwa pamoja, kama inavyooanisha viwango vya bidhaa nyingine, waagizaji watalazimika kuliuliza swali hilo huko wanakonunua, na swali likiulizwa mara nyingi litamfikia mtengenezaji.

Kwa muuzaji na fundi, kazi ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Kwenye Windows, andika msinfo32 katika sehemu ya kutafutia, na dirisha linalofunguka litaonyesha tarehe ya BIOS. Ilinganishe na ya karibuni iliyopo kwenye ukurasa wa mtengenezaji kwa modeli hiyohiyo. Wengi huogopa kusasisha BIOS kwa sababu umeme ukikatika katikati mashine inaweza kufa, na hofu hiyo ina msingi, ndiyo maana laptopu nyingi hukataa kuanza zoezi hilo mpaka betri iwe na chaji na chaja iwe imechomekwa. Faili moja ikishapakuliwa inatosha kwa laptopu zote za modeli hiyo dukani, hivyo bando halipotei. Na kwa mteja ambaye mashine yake haifiki Windows 11, mifumo ya Linux kama Ubuntu na Debian bado inasambaza maikrokodi kwa prosesa za kizazi cha 6 na cha 7, bila malipo na bila wizi. Kwenye Linux hiyo, ndani ya /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities, kuna faili kwa kasoro nyingi za usalama zinazojulikana, na kila faili inataja kama mashine imekingwa au iko hatarini, pengine kwa kukosa maikrokodi. Orodha hiyo inaweza kuchapishwa kwenye karatasi na kubandikwa kwenye laptopu, kando ya bei.